Hita, subufa na amri ya nane: kisa cha familia moja Tabata

Hiki kisa nakiandika kwa ruhusa ya wenyewe, majina nimebadilisha na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili wasijulikane mtaani, ila mambo yenyewe ndo yalivyokuwa. Mi nafundisha sandei skuli kwenye usharika mmoja wa KKKT, yani kanisa la Kilutheri, upande wa Tabata, Dar. Wazazi wananiuliza kila siku, mwalimu mtoto namfundishaje kusema ukweli, namfundishaje uaminifu, na wengi wanategemea niwape mistari ya kukariri au hadithi za kusoma kabla ya kulala. Navyo ni vizuri, ila hiki kisa kinaonyesha kwamba mtoto anafundishwa zaidi pale anaposikia wakubwa wanavyoamua jambo ambalo litawagharimu wao wenyewe, na anaposikia hivyo akiwa amekaa nao hapo hapo sio amefukuzwa chumbani.

Nyumba ni ya kupanga, vyumba sita, choo na bafu uani, mita ya LUKU, yani umeme wa kulipia kabla, ni moja. Aliyewahi kuishi nyumba ya hivi anajua umeme wa kuchangia unagombanisha watu kuliko hata kodi. Hapo kila chumba kinatoa elfu tano, kuna mama tumwite Mama Zai ndo anakusanya na kununua. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani yuniti moja ukiweka na makato yake ilikuwa inacheza kwenye shilingi 356, so elfu thelathini ni kama yuniti 84, na mara moja kwa mwezi inapungua kidogo manake kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo kwenye LUKU tangu 2021. Makubaliano yalikuwa hakuna hita, hakuna jiko la umeme, pasi mara moja moja. Kwa utaratibu huo umeme ulikuwa unafika karibu wiki tatu.

Familia yenyewe: Baba Eliya anauza duka la spea za magari Kariakoo, sio lake, ameajiriwa. Mama Eliya ana genge la mboga hapo nje. Eliya ana miaka tisa, yuko darasa la nne. Halafu kuna mtoto mchanga, na hapa ndo mambo yalipoanzia, kwa sababu Mama Eliya alipojifungua bibi alikuja kutoka Same kumkanda, na mzazi hakandwi kwa maji ya bomba, inatakiwa maji ya moto kweli kweli asubuhi na jioni, mkaa bei juu, basi ikanunuliwa hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Wapangaji wenzao hawakuambiwa, kwa maelezo kwamba ni ya siku arobaini tu. Nani angekataa kama wangeambiwa? Mzazi yuko ndani, wamama wote pale wamezaa, naamini wangesema tumia tu mama. Ila haikusemwa. Siku arobaini zikaisha, bibi akarudi Same, hita ikabaki chini ya kitanda na kila alfajiri inachemsha ndoo mbili, mlango umefungwa. Eliya kabla hajawekewa maji ya kuoga alikuwa anaambiwa maneno matatu, funga mlango kwanza.

Nawaomba mzazi unayesoma uyatazame hayo maneno. Hakuna mtu aliyemkalisha Eliya akamwambia mwanangu leo nakufundisha kuficha. Lakini kila asubuhi kabla ya shule alikuwa anapewa somo, na lilikuwa linaingia vizuri kuliko langu la Jumapili, langu ni saa moja kwa wiki na nina watoto wengi darasani.

Umeme ukaanza kuisha wiki mbili na siku kidogo. Mwanzoni watu wakalalamikia TANESCO, shirika la umeme, mwishowe Mama Zai akaitisha kikao uani, akasema kuna mtu humu anatunyonya. Na macho yote yakaenda chumba cha mwisho kwa kijana anaitwa Rama, hajaoa, ana tivii na subufa na jioni anapiga muziki, Simba na Yanga zikicheza watoto wote wa nyumba wako kwake. Subufa inasikika, hita haisikiki. Ikaamuliwa Rama atoe elfu kumi ya kufidia na kuanzia hapo achangie mara mbili, la sivyo subufa itoke. Rama akabisha kidogo halafu akasema sawa natoa yaishe. Mama Eliya alikuwepo, kampakata mtoto, hakusema neno, Baba Eliya alikuwa kazini, na Eliya alikuwa amekaa kwenye ngazi anasikiliza kila kitu, Eliya huyu huyu anayeenda kuangalia mpira kwa Kaka Rama.

Usiku kwenye ugali akauliza. "Mama, si sisi ndo tuna hita?"

Mama akamwambia kula. Akauliza tena, sasa kwa nini Kaka Rama ndo analipa. Baba akaingilia, akamwambia mambo ya wakubwa hayamhusu, na Biblia inasema waheshimu baba yako na mama yako, akisikia amelitoa hilo nje atajua. Mtoto akanyamaza, akala, akalala. Hayo ndo yalikuwa mazungumzo ya kwanza ya familia juu ya jambo hili na yalichukua kama dakika mbili.

Sasa nisimame hapo kidogo, kwa sababu naona kitu hiki kwenye familia nyingi za watu wazuri kabisa wanaosali. Kwa hesabu yetu Walutheri kuwaheshimu wazazi ni amri ya nne, na usimshuhudie jirani yako uongo ni ya nane. Kilichofanyika mezani pale ni amri ya nne kutumika kuifunga mdomo amri ya nane. Mtoto wa miaka tisa hana namna ya kujitetea dhidi ya hilo, yani umemletea Mungu mwenyewe upande wako. Anachojifunza ni kwamba Neno la Mungu ni silaha ya mkubwa pale anapobanwa. Na ukisoma Waefeso 6, sisi wazazi tunapenda kusimama mstari wa kwanza, watoto watiini wazazi wenu, ila ukishuka mpaka wa nne unakuta "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu, bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana." Mtoto anayeuliza swali la haki akajibiwa kwa vitisho amechokozwa, hata kama hakupigwa.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tunasoma habari za Petro kumkana Yesu, na Eliya, ambaye kwa kawaida mtundu na muongeaji, alikuwa kimya muda wote, mwisho akanyoosha mkono. "Mwalimu, mtu akinyamaza nayo ni uongo?" Nikamwambia kuna kunyamaza kuzuri na kuna kunyamaza kunakomuumiza mtu mwingine, akaniambia kunakomuumiza. Sikumchimba. Mwalimu wa sandei skuli hatakiwi kumgeuza mtoto awe mpelelezi wa nyumba yao, ukianza kumuuliza nani, lini, wapi, mtoto atajikuta amewatangaza wazazi wake mbele ya wenzake na hilo halitamtoka. Baada ya ibada nilimwambia mama yake tu kwamba Eliya ana swali kubwa juu ya kunyamaza na ni swali la nyumbani, akae na baba yake wamsikilize. Akabadilika uso. Baadaye ndo akanipigia simu akanieleza yote.

Nilichomwambia kwenye simu ni kuhusu Katekisimo Ndogo. Sisi tunaijua kama kitabu cha kipaimara, watoto wanakariri wanaulizwa na mchungaji basi imeisha. Lakini Luther alipoiandika mwaka 1529 kila sehemu aliiandikia juu kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa urahisi, na kila amri inafuatwa na swali la maana yake. Ni kitabu cha maswali na majibu cha kukaliwa mkekani. Na kwenye maelezo ya amri ya nane haishii kukataza kusema uongo, inasema tusimsaliti jirani wala kumharibia jina, bali tumtetee, tumseme vizuri, na mambo yake tuyachukulie kwa upande mzuri. Tumtetee. Nikamwambia mama, msomeeni Eliya hiyo halafu mumuulize yeye ina maana gani hapo nyumbani kwenu, na mkishamuuliza mvumilie jibu.

Mazungumzo ya pili yalikuwa Jumamosi usiku baada ya kula, na hapa Baba Eliya alifanya kitu ambacho mi nakiheshimu sana. Aliitoa hita chini ya kitanda akaiweka katikati ya mkeka. Akamwambia Eliya lete daftari la hesabu. Ubavuni mwa hita pameandikwa 1500W. Wakafanya pamoja, ndoo mbili ni kama dakika arobaini, wati 1500 kwa dakika arobaini ni yuniti moja kamili, shilingi 356 kila siku. Halafu baba akamwambia sasa piga ya subufa, ile ya Rama ni wati 60, ikiwaka masaa manne ni kama robo yuniti, shilingi 85. Eliya akaona mwenyewe kwamba subufa ya siku nne ndo inaifikia hita ya siku moja. Kwa miezi mitano, siku 150 hivi, hita ilikuwa imekula kama elfu hamsini na tatu na mia nne, ukitoa fungu la chumba chao, wenzao watano wamewalipia kama elfu arobaini na nne na mia tano.

Unaweza kusema hesabu zote hizo za nini, si angesema tu tumekosea. Mi naona hesabu ndo ilikuwa moyo wa mazungumzo. Mtoto akiambiwa "uaminifu ni tunda la Roho" anakubali na anasahau, na kiukweli kwenye Wagalatia 5 uaminifu uko pale karibu na kiasi na upole, vitu ambavyo kwa mtoto havina rangi wala uzito. Akiona 44,500 kwenye daftari lake mwenyewe kwa mwandiko wake, na anajua kwamba hela ya genge kwa siku nzuri ni kiasi gani, anaelewa kwamba watu wamechukuliwa kitu. Mama Zai amechukuliwa. Rama amechukuliwa mara mbili, hela na jina.

Halafu Eliya akauliza lile ambalo mama alikuwa analiogopa, kwa nini hatukuwaambia. Mama akamjibu ukweli. Kwamba mwanzoni aliona aibu kuomba, alikuwa ametoka kuzaa, hana nguvu, hataki maneno. Baadaye ikawa sio aibu tena, ikawa hofu ya hela, maana kusema ingekuwa kulipa. Na siku ya kikao alinyamaza kwa sababu watu walishamtaja Rama na yeye akaona limepita. Alilia kidogo. Baba hakumkatiza wala hakumtetea wala hakumwambia Eliya ona sasa umemliza mama. Alimwacha mtoto aone kwamba mtu anaweza kuanza na sababu nzuri kabisa, mzazi na kichanga, na akafika mahali pabaya bila kupiga hatua hata moja kubwa. Mi nimefundisha dhambi miaka na miaka na sijawahi kuielezea vizuri kama Mama Eliya pale mkekani.

Ikaja sehemu ya kurudisha. Eliya akamkumbuka Zakayo, Luka 19, "namrudishia mara nne", akasema basi Kaka Rama apewe elfu arobaini. Baba yake akamwambia ukweli kwamba elfu arobaini ya Rama peke yake hawana, na Zakayo alikuwa tajiri, wakafungua Walawi 6 ambako aliyechukua cha mwenzie anarudisha chote na kuongeza sehemu ya tano. Elfu kumi na sehemu ya tano ni elfu kumi na mbili. Hiyo iliwezekana. Za wengine wakapanga raundi tano za LUKU watoe elfu kumi na nne badala ya elfu tano, inaongezeka elfu tisa kila raundi mpaka ifike elfu arobaini na tano. Mtoto alishirikishwa pia zitatoka wapi, na zilitoka sehemu zinazouma, mojawapo ni safari ya kwenda Same mwezi wa kumi na mbili, ilifutwa, na Eliya alikuwa anaisubiri.

Wakabishana jambo moja tu, na walibishana kweli. Mama alitaka waende kwa Rama kimya kimya, wampe hela, yaishe huko. Eliya akasema lakini walimsema mbele ya watu. Baba akawa katikati. Mi niliposimuliwa nilikuwa upande wa Eliya mia kwa mia, amri ya nane inahusu jina la mtu, na jina likichafuliwa uani linasafishwa uani. Wakaamua vyote viwili, kwanza kwa Rama usiku ule ule ili asishtukizwe, halafu kesho yake kwa wote. Na kuna mtu kwenye familia pana alishauri kwamba aseme Eliya kwa sababu ndo aliyeligundua, itapendeza, watu wataguswa. Baba akakataa, akasema kosa la mkubwa linasemwa na mkubwa. Sahihi kabisa. Ukimtanguliza mtoto kwenye toba yako unamtumia kama ngao na hapo hapo unamfundisha kwamba wema ni wa kuonwa na watu.

Jumapili jioni Mama Eliya akasema uani, mumewe kasimama pembeni yake, Eliya yupo.

Matokeo hayakuwa ya kupendeza kama wengi wanavyotegemea. Mama Zai alishukuru lakini akasema kwa sauti kwamba kumbe wanaosali ndo hao. Mpangaji mmoja aliendelea kuwarushia maneno muda mrefu, kila umeme ukikatika, hata ukiwa umekatika mtaa mzima, anauliza hita imerudi? Rama alipokea elfu kumi na mbili zote, akasema asante, na kwa wiki kadhaa hakumuita Eliya kuangalia mpira. Hilo lilimuumiza mtoto sana, akamuuliza baba yake mbona tumesema ukweli na bado kanuna. Baba akamwambia Rama hana deni la kufurahi. Mkimrudishia mtu haki yake haimaanishi amekuwa rafiki yenu tena siku hiyo. Akamuuliza Eliya wewe ungekuwa yeye ungejisikiaje, na wakaliongea hilo njiani asubuhi wakitembea kwenda kituoni, kwa sababu Baba Eliya anatoka alfajiri kuwahi kabla ya foleni na anarudi usiku, njiani ndo muda wake mkubwa na mtoto. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja huko huko, "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Wazazi wa Dar wanaoniambia hawana muda nawaambia mhesabu na njia ya kituoni.

Wapo wazazi wawili watatu ambao nimewasimulia kisa hiki bila kutaja mtu wakaniambia huyo mama amejivunjia heshima, mtoto akishaona mzazi anakosea hatamsikiliza tena. Naelewa wanaogopa nini, tumelelewa hivyo. Lakini jamani Eliya alikuwa ameshaona. Aliona kila alfajiri miezi mitano. Kitu pekee ambacho hakuwa amekiona ni mzazi akirudi nyuma, na ndo alichooneshwa. Mama anasema tangu hapo mtoto anamletea mambo yake mwenyewe bila kubanwa, sio yote, lakini zamani hakuleta hata moja.

Na kuna kingine kimetokea ambacho hakijaisha mpaka naandika hapa. Siku za likizo Eliya alienda na baba yake dukani Kariakoo, akasikia dereva wa gari ya kampuni amenunua spea ya elfu sitini anasema niandikie themanini, na baba akaandika. Waliozoea maduka yale wanajua ni jambo la kila siku, usipoandika dereva anahamia duka la jirani na bosi anakuuliza wateja wanaenda wapi. Jioni kwenye daladala Eliya akauliza ile ishirini nyingine ni ya nani. Safari hii baba hakusema mambo ya wakubwa. Alisema ni ya mwenye gari, na anachukuliwa bila kujua. Eliya akauliza sasa utafanyaje.

Familia imelijadili hilo zaidi ya mara moja. Baba ameshaongea na bosi wake kwamba yeye binafsi hataandika tena bei ya uongo, bosi hakumfukuza ila amemwambia wateja hao wahudumiwe na mwenzake, na kamisheni ya wateja hao nayo imeenda kwa mwenzake. Mama anaona inatosha. Eliya anaona bado kwa sababu mwenye gari anaendelea kuibiwa duka lile lile. Baba mwenyewe ameniomba tuonane na mchungaji wiki ijayo, na ametaka Eliya awepo.